Siku Vuga ilipoteketea: Mfululizo wa Wakilindi na riwaya za vita vya anga

WASOMAJI wa riwaya za vita vya anga wanazifahamu alama zake. Kuna himaya iliyotanda juu ya sayari nyingi, kuna kiti kimoja kinachogombewa, kuna mtoto aliyefukuzwa kwao akaja kuwa mtawala ugenini, na kuna mkuu wa jimbo la mbali anayelimbikiza silaha huku akituma salamu za utii makao makuu. Kitabu kimoja kikiisha, vita vile vimemalizika na vingine vimekwisha kuanza. Msomaji hana budi kutafuta kinachofuata.

Huko Magharibi aina hii ya uandishi ilipata jina lake kwa kejeli. Mwaka 1941 mwandishi wa Marekani, Wilson Tucker, aliibatiza "opera ya anga", akiigiza jina walilopewa michezo ya redio iliyodhaminiwa na watengenezaji wa sabuni, michezo ambayo ilikuwa haina mwisho. Kejeli hiyo ilisahaulika, jina likabaki. Nchini Ujerumani, mfululizo wa Perry Rhodan ulianza Septemba 1961 ukitoka kila wiki, na Februari 2019 ulifikisha toleo la 3,000. Wapo waliouanza wakiwa watoto wa shule na kuendelea nao hadi kustaafu.

Lakini meli za angani ni pambo tu. Isaac Asimov, aliyeanza kuchapisha hadithi zake za Foundation mwaka 1942, alieleza waziwazi kwamba wazo lake lilitokana na kitabu cha Edward Gibbon kuhusu kuanguka kwa dola ya Rumi. Frank Herbert naye, katika Dune ya mwaka 1965, aliandika juu ya koo za watawala, jangwa na bidhaa moja ambayo anayeishika ameishika himaya nzima. Ukiondoa sayari na mitambo, kinachobaki ni swali la zamani: mfalme akifa, nani anarithi, na waliokosa watafanya nini?

Kwa Kiswahili, mfululizo wa namna hiyo ulianza kuchapwa kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Haukuchapwa Zanzibar wala Dar es Salaam. Ulichapwa Magila, kituo cha misheni ya Waanglikana ya UMCA kilichoko upande wa Muheza, chini ya safu ya milima ya Usambara. Jina lake ni Habari za Wakilindi, na mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy. Ulitoka kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na 1907.

Bwana Msa, mpelelezi aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla, alikuwa bado miongo kadhaa mbele. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba aliingia madukani mwaka 1974. Wakazi wa mijini wanapozungumzia mifululizo ya Kiswahili huanzia kwa hao wawili. Mfululizo wa Magila hautajwi, labda kwa sababu uliwekwa kwenye rafu ya historia, na rafu hiyo huguswa zaidi na wanaojiandaa kwa mitihani.

Ni kweli kwamba si riwaya kwa maana ya leo. Mwandishi anasema anatoa habari, na watu anaowataja waliishi. Hata hivyo anaandika kama mtunzi wa hadithi: wahusika wanazungumza wao kwa wao, wanashauriana usiku, wanatumiana wajumbe, wanadanganyana, na msomaji anawekwa katikati ya mazungumzo ambayo hakuna mwandishi angeweza kuyahudhuria yote.

Mwandishi mwenyewe ni kisa. Alikuwa Mwislamu aliyeitumikia serikali ya Sultani wa Zanzibar, kisha akafanya kazi kwa mkubwa mmoja wa Wakilindi, na baadaye kwa utawala wa Wajerumani. Habari zake za watawala wa milimani, ambazo zinaanza na mwindaji wa nguruwe, zilichapwa na mitambo ya wamisionari Wakristo. Katika sehemu za mwisho anajitokeza mwenyewe ndani ya hadithi, lakini hasemi "mimi". Anajitaja kwa jina, kama mhusika mwingine yeyote.

Mtoto wa kigego

Sehemu ya kwanza inaanzia mbali na Usambara, katika nchi ya Ungulu. Huko alizaliwa Mbega, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kwa desturi ya wakati ule mtoto huyo ni kigego, na kigego alihofiwa kuwaletea maafa ndugu zake. Mbega alinusurika, akakua, akawa mwindaji hodari mwenye mbwa wengi. Ulipofika wakati wa kugawana urithi, ndugu walimnyima sehemu yake kwa hoja hiyohiyo ya meno. Akaondoka na mbwa wake na silaha zake.

Safari yake ilimpitisha Kilindi, mahali ambapo jina la ukoo limetoka. Huko alifanya urafiki na mtoto wa mtawala, na mtoto huyo akafa wakiwa mawindoni. Mbega akakimbia tena. Mwishowe akapanda milima ya Usambara, akiwapa wenyeji nyama ya porini na wao wakimpa chakula cha shambani. Alipofika Bumbuli sifa zake zilikuwa zimemtangulia, za mtu anayeua wanyama waharibifu na kuamua kesi bila upendeleo. Watu wa Vuga wakamfuata na kumwomba awe mkubwa wao. Kwa mujibu wa masimulizi, aliua simba wakati wa kuingia kwake Vuga, na tangu hapo mfalme wa Usambara akaitwa Simba Mwene.

Msomaji wa riwaya za anga ataitambua sehemu hii mara moja. Aliyekataliwa kwao anakuja kuwa mwamuzi wa wageni, kwa kuwa yeye tu hana ukoo wa kuupendelea. Katika mifululizo mingi jambo hili huwa ndiyo hadithi yenyewe, na shujaa akishakaa kitini pazia hushuka. Katika Habari za Wakilindi ni mwanzo tu, tena si sehemu yenye vishindo vikubwa zaidi.

Jina la Bumbuli halikutajwa katika safari hiyo kwa bahati. Katika karne ya 19 Bumbuli ilikuwa makao ya mrithi. Mtoto aliyetarajiwa kukaa Vuga alipelekwa kwanza kutawala huko. Leo Bumbuli, Vuga na Mgwashi ni kata za halmashauri moja, Halmashauri ya Bumbuli, wilayani Lushoto. Msomaji wa Mgwashi ana faida ambayo msomaji wa Perry Rhodan hawezi kuipata: himaya inayogombewa katika kitabu ni mashamba ya jirani zake, na nchi yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mipaka hiyo.

Mfalme aliyeishi mno

Kutoka Mbega kitabu kinateremka kizazi hadi kizazi, kwa majina mengi kiasi cha kumchosha asiye na subira, hadi kufika kwa Kimweri ze Nyumbai. Huyu ndiye mtawala ambaye chini yake ufalme ulifikia upana wake mkubwa. Ushawishi wake ulitoka milimani, ukapita Bonde, ukafika miji ya pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walifika mwaka 1857, wakamkuta mzee sana. Burton aliikadiria Vuga kuwa na vibanda 500 na watu wapatao 3,000.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi Usambara katika miaka ya 1960 akikusanya masimulizi ya wazee, alieleza jinsi utawala huo ulivyofanya kazi, na maelezo yake ndiyo ufunguo wa kila kinachofuata katika kitabu. Mfalme wa Vuga hakuwa na jeshi la kudumu la kumlinda dhidi ya ndugu zake. Alichokuwa nacho ni watoto. Kila alipopata mtoto aliyekomaa alimpa eneo la kutawala, na Krapf alishuhudia kwamba hata mabinti walipewa maeneo. Mtoto anamtii baba. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti ni mshindani. Kwa hiyo mfalme mpya alitakiwa, kidogo kidogo, kuwaondoa ndugu zake kwenye maeneo yao na kuwaweka watoto wake mwenyewe.

Mashine hii ilihitaji kwamba vizazi vipokezane kwa wakati. Kimweri alitawala kwa takriban nusu karne. Wanawe walizeeka katika maeneo yao, wakaota mizizi, wakawa na watu wao, mifugo yao na mashauri yao. Mwanawe Mshuza, aliyewekwa Bumbuli kama mrithi, alikufa kabla ya baba. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwangukia mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mshuza. Alikuwa kijana. Hakuwa na watoto wakubwa wa kuwaweka mahali pa baba zake wadogo na wakubwa. Aliirithi Vuga na heshima zake zote, ila hakurithi njia ya kuitawala nchi.

Hapo ndipo kipande chenye mapigano makali zaidi cha mfululizo huu kinapoanza.

Mazinde, chini ya mlima

Miongoni mwa wana wa Kimweri alikuwamo Semboja. Alianza kama mtawala wa milimani kama wenzake. Kilichomtofautisha ni kwamba alishuka. Aliweka makao yake Mazinde, kwenye tambarare iliyo chini ya ukuta wa milima, kando ya njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani kwenda bara. Msafiri wa leo anayetoka Tanga kwenda Moshi kwa basi hupita eneo hilo akishapita Mombo, na akitazama kulia huona milima imesimama kama ukuta.

Kwa Wasambaa wa wakati ule uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Tambarare, yaani nyika, ilikuwa mahali pa homa, ukame na wavamizi wanaochukua mifugo. Milima ilikuwa na mvua, migomba na usalama. Mtu mwenye akili zake alikaa juu. Utajiri wa zamani nao ulipanda juu: kodi ya mifugo na nguvu kazi ilielekea Vuga, na mfalme akaigawa kwa watu wake.

Katika karne ya 19 utajiri mpya ulipita chini. Misafara ya pwani ilikuja kutafuta pembe za ndovu, na ilileta nguo, baruti na magobori. Aliyekaa Mazinde aliona kila msafara. Angeweza kuuza chakula, kutoza ushuru, kununua bunduki kabla hazijafika kwa mwingine yeyote. Shekulwavu aliyeko Vuga angeweza kupata habari za msafara baada ya siku kadhaa. Katika Dune, mwenye sayari ya viungo ndiye mwenye himaya. Katika Usambara ya miaka ya 1860, mwenye njia ya Pangani alikuwa na bunduki, na mwenye bunduki hakuona sababu ya kumwogopa kijana aliyekaa mlimani na ngoma za babu yake.

Mivutano ilianza kwa mambo ya mamlaka, nani ana haki ya kuamua kesi ipi na ya watu gani. Baada ya muda ikawa vita. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alipanda mlima akiwa na wapiganaji wake pamoja na washirika kutoka nje ya Usambara. Vuga ilichomwa moto. Mji wa miti na majani makavu hauhitaji mzinga wa kuuangamiza. Shekulwavu aliponyoka, akakimbilia mashariki.

Kuchomwa kwa Vuga hakukuwa kuteketea kwa nyumba tu. Huko ndiko walikozikwa wafalme, ndiko kesi za mwisho zilikosikilizwa, ndiko zilikohifadhiwa dawa za mvua ambazo nchi nzima iliamini kwamba bila hizo mahindi na migomba havingestawi. Ilikuwa kama mtu amechoma mahakama, hazina na msikiti kwa usiku mmoja.

Baada ya ushindi Semboja alifanya jambo ambalo watunzi wengi wa riwaya wasingelifikiria. Hakukaa kitini. Alimweka Vuga mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye akarudi Mazinde. Waandishi wa kawaida humpeleka mshindi moja kwa moja kwenye ukumbi wa enzi, avishwe taji, ashangiliwe. Semboja alikwisha kuelewa kwamba kiti kilikuwa juu ila nguvu ilikuwa chini, barabarani.

Kiva

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, na ndicho kinachokifanya kipande hiki kisomeke kwa hofu hata leo. Shekulwavu, akitafuta wa kumsaidia kurudi Vuga, aliwageukia Wabondei, watu wa nchi ya vilima iliyo kati ya Usambara na pwani. Wabondei walikuwa wametawaliwa na wakubwa wa Kikilindi tangu enzi za babu yake, na walikuwa wamewachoka. Kwa ajili ya msaada wao, mfalme aliyefukuzwa aliwaachia wawaondoe Wakilindi katika nchi yao.

Yaani mfalme wa Wakilindi aliruhusu Wakilindi wawindwe. Huenda alidhani kwamba wangeguswa wale tu waliomuunga mkono Semboja. Uasi ulioanza, unaojulikana kwa jina la Kiva, haukuchagua. Watawala wa Kikilindi katika Bonde walishambuliwa pamoja na jamaa zao, wakauawa, wakafukuzwa au wakakamatwa na kuuzwa. Muda si mrefu Shekulwavu mwenyewe akafariki akiwa hajaurejesha ufalme. Nduguze wakaendeleza vita dhidi ya upande wa Semboja, na vita hivyo, vikisimama na kuanza upya, vilidumu hadi walipofika Wajerumani.

Ndani ya kitabu sehemu hizi zinakwenda mbio. Wajumbe wanapishana njiani, vijiji vinabadili upande, mtu anayealikwa kwa amani anajua kwamba pengine hatarudi. Kwa mpenzi wa matukio ya kusisimua hakuna kinachokosekana. Lakini kuna jambo ambalo riwaya za anga, kwa sehemu kubwa, huliruka, na Abdallah bin Hemedi halikwepi: watu walioshindwa walikwenda wapi?

Katika mfululizo wa anga sayari nzima inaweza kulipuliwa katika ukurasa wa 40, na ukurasa wa 41 shujaa anakunywa kinywaji. Katika Usambara ya wakati ule kila kijiji kilichovamiwa kilikuwa na bei. Mateka waliteremshwa pwani, Pangani na Tanga, na mahitaji yalikuwapo, kwa kuwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitegemea kazi ya watumwa. Mkubwa aliyehitaji baruti aliweza kulipa kwa watu. Akiishiwa mateka wa adui, walikuwapo watu wake mwenyewe: aliyeshindwa kesi, yatima, mjane asiye na kaka wa kumtetea. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, vita vya Wakilindi vilikuwa vimekwisha kuwatoa watu milimani kwa miaka kadhaa.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo Feierman aliyafanyia utafiti mrefu na kuyaweka katikati ya kitabu chake cha mwaka 1990. Kuzifya shi ni kuitengeneza nchi, kuiponya: mvua inyeshe, chakula kiwepo, watu wazaane. Kubana shi ni kuiharibu. Katika fikra hizo mfalme mwenye nguvu peke yake, hata akiwa mkali, anaweza kuiponya nchi, kwa sababu mvua ni yake na njaa ya watu ni hasara yake. Wakubwa wawili wenye nguvu zinazolingana ndio wanaoiharibu. Kila mmoja anaweza kuizuia mvua ya mwenzake, na hakuna anayeona kwamba wakulima ni wake. Hali hiyo waliiita nguvu kwa nguvu.

Ukikisoma kipande cha Semboja na Shekulwavu kwa maneno hayo, sura yake inabadilika. Swali la nani mwenye haki, mjukuu aliyerithi au mtoto aliyeshinda, linakuwa dogo. Mkulima wa Mgwashi au Bumbuli hakuhitaji kujua nani alikuwa na haki. Alihitaji mmoja wao ashinde kabisa, mapema, kabla ya msimu wa kupanda. Hakuna aliyeshinda kabisa.

Mwandishi na bwana wake

Ni lazima kuuliza kama Abdallah bin Hemedi anaaminika. Mkubwa wa Kikilindi aliyemfanyia kazi ni Semboja mwenyewe. Kwa hiyo anayetusimulia kuchomwa kwa Vuga alikula katika nyumba ya aliyeichoma. Hilo halimfanyi kuwa mwongo, na mara nyingi anaonyesha ukatili wa upande wa bwana wake bila kuuficha. Lakini ni busara kwa msomaji kukumbuka ni mlango upi aliotumia kuingia katika habari hizi. Mambo ya Mbega aliyapata kwa wazee na hayawezi kupimwa kama yale ya miaka ya 1860. Feierman alipokusanya masimulizi ya Mbega kwa wazee wengi alikuta matoleo yanayotofautiana, na hili la kitabu ni moja kati ya hayo.

Kuna pengo jingine. Watu wa kawaida wapo katika kitabu, ila wapo kama wanaokimbia, wanaolalamika, wanaouzwa. Hakuna hata mmoja anayefuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Wanawake wa ukoo wa kitawala wanapata nafasi kidogo zaidi, kama wake na mama wa warithi, kwa kuwa kijiji cha wajomba ndicho kilichomkuza mtoto na kumpigania. Mtu anayetafuta habari za binti wa Kimweri aliyetawala eneo lake atatamani mwandishi angesimama hapo kidogo.

Mwaka 1895 ndio mwaka ambao wahusika wa mwisho waliondoka jukwaani. Semboja alifariki mwaka huo. Mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga, alinyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Aliyekuwa na mamlaka ya kuhukumu kifo juu ya mlima alihukumiwa kifo na watu waliotoka ng'ambo ya bahari, na hapo ikawa dhahiri kwa kila Mkilindi kwamba ugomvi wa Vuga na Mazinde ulikuwa umeamuliwa na mtu wa tatu. Sehemu zilizofuata za kitabu zilichapwa chini ya bendera ya Ujerumani, na msomaji wa wakati ule alizisoma akijua mwisho ambao wahusika hawakuujua.

Vuga yenyewe haikuwa tena mji wa wafalme kama zamani. Wamisionari Walutheri walifungua kituo huko, na jina lake likaja kujulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu nyingine kabisa: Vuga Press, kiwanda cha uchapaji cha Walutheri, kilichotoa vitabu vya dini kupitia Soni. Habari za Wakilindi hazikuchapwa hapo.

Zilirudi kwa wasomaji mwaka 1962, pale Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Nairobi, lilipounganisha sehemu zote tatu katika kitabu kimoja. Wahariri walikuwa wawili. Mmoja ni J.W.T. Allen, Mwingereza aliyetumia maisha yake kukusanya maandishi ya Kiswahili. Wa pili ni William Kimweri bin Mbago, aliyehesabu nasaba yake kizazi kwa kizazi hadi kwa Kimweri ze Nyumbai, yule mfalme aliyeishi mno. Tafsiri ya Kiingereza ya Allen ilifuata mwaka 1963. Mwaka huo wa 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta kwa sheria utawala wa machifu nchini kote, na kiti cha Vuga kikafutwa pamoja na vingine.